Mti wa Krismasi: kabla ya kupakia boksi Kisenyi, piga hesabu ya Januari

Anayetaka kuijua Krismasi ya Kampala asiende Nakasero kuangalia taa za hoteli. Aende Kisenyi ifikapo wiki ya tatu ya Desemba. Pale kwenye kituo cha mabasi ataiona sikukuu ikipandishwa juu ya mabasi: magodoro, magunia ya mchele, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na katikati ya vurugu hiyo maboksi marefu membamba yenye picha ya mti wa kijani uliopambwa nyota. Nauli imekwisha kupanda, kama inavyopanda kila mwaka, na kondakta anadai boksi lilipiwe peke yake kwa kuwa halikunjiki.

Desemba iliyopita nilisimama hapo nikisubiri mzigo wangu. Kijana mmoja, dhahiri ametoka kyeyo kwa jinsi masanduku yake yalivyofungwa kwa plastiki ya uwanja wa ndege, alikuwa amekumbatia boksi la mti wake kama mtoto. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matawi ya saipresi akamsogelea.

“Ssebo, chukua hili, bado linanukia.”

“Nnyabo, mimi ninao wa kudumu,” kijana akajibu huku akiligonga boksi.

“Wa kudumu? Huo ndio utawalipia watoto karo Januari?”

Watu wakacheka, kijana naye akacheka, basi likajazwa likaondoka. Mimi sikucheka sana. Swali la yule mama ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana ni swali la kibiashara na wengi wetu tunaopita Kisenyi kwenda mipakani tumelijibu vibaya, na wengine tumelijibu vibaya zaidi ya mara moja.

Najua kuna watakaosema kwamba ni jambo dogo. Mti ni pambo, wiki mbili umekwisha. Lakini Kisenyi si mahali pa mapambo. Ni mahali pa vinu vya mahindi, mafundi wa vyuma, maduka ya Wasomali waliokimbia vita kwao na kujenga upya maisha hapa, mabasi ya kwenda kila pembe ya nchi na nje ya nchi. Mtu wa hapa anapotoa shilingi ananunua bidhaa, na bidhaa hiyo lazima ijibu swali moja: kesho itakuwa na thamani gani? Mti wa plastiki na tawi la saipresi hulijibu swali hilo kwa namna mbili tofauti kabisa.

Tuanze na ndugu zetu wanaorudi. Aliyekaa London au Boston amezoea kuona kwamba mti wa heshima ni ule uliokatwa shambani. Huko watu huenda na watoto wao kuuchagua, wakaufunga juu ya gari, wakaufagilia sindano zake mpaka mwaka mpya. Wa plastiki ni wa mwenye haraka au mwenye kubana matumizi. Anapofika Kampala anakuta mambo yamegeuzwa juu chini. Huku tawi bichi ndilo la asiye na kitu, limekatwa uani kwa jirani na kusimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga, ilhali mti wa plastiki ndio wa aliyefanikiwa kwa sababu umetoka ng'ambo, una boksi na una maagizo ya namna ya kuufungua. Mti ule ule, heshima mbili.

Kwa hiyo mrejea anajikuta njia panda. Akipeleka tawi kijijini, watu watauliza: miaka saba kule, umerudi na jani? Akipeleka boksi, wataona kazi yake. Nimewaona wengine wakiubeba mti kutoka huko huko, wakautolea kilo nane kati ya zile 23 wanazoruhusiwa kwenye sanduku. Kilo nane! Hizo ni viatu vya watoto wote wa nyumba moja. Na mti wenyewe, ukisoma maandishi madogo chini ya boksi, umetengenezwa China, kama vile ulivyotengenezwa ule unaouzwa Kikuubo, mwendo wa dakika chache kutoka pale basi linapomshusha. Mji wa Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, ndiko inakotoka sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia nzima. Mti umesafiri kutoka Yiwu mpaka Marekani, kisha ukasafirishwa tena kwa ndege mpaka Entebbe, uje kukutana na ndugu yake aliyepita Mombasa kwa meli.

Basi tumfuate huyo wa Mombasa, maana hapo ndipo penye hesabu.

Kontena hushushwa bandarini Mombasa, kisha mzigo husafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala kwa kupitia Malaba au Busia. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, nchi wanachama zilikubaliana kwamba malighafi ziingie bila ushuru, bidhaa zilizosindikwa nusu zitozwe asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Mwaka 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa baadhi ya bidhaa. Mti wa Krismasi wa plastiki ni bidhaa iliyokamilika kwa kila hali, hakuna kiwanda cha Jinja kinachosubiri kuumalizia. Chukua basi mti uliofika kwa thamani ya shilingi 100, nasema mia kwa urahisi wa hesabu tu. Weka ushuru wa asilimia 25, unakuwa 125. Juu yake weka kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda, asilimia 18, unakuwa 147 na nusu. Hapo hujamlipa wakala wa forodha, hujalipa tozo nyingine ndogo ndogo, hujalipa stoo, na mwenye duka Kikuubo hajala faida yake wala wa rejareja hajala yake.

Kwa maneno mengine, mnunuzi wa mwisho anapolipa, sehemu kubwa ya pesa zake ni ya njia. Si vibaya, ndivyo biashara ilivyo. Lakini mfanyabiashara wa mpakani anayeuchukua mti huo Kampala akidhani atauongezea safari nyingine na faida nyingine, na afungue macho.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Kampala maboksi ya miti kwa nia ya kuipeleka Bukoba. Wazo lilikuwa zuri. Watu wa Kagera wamezoea kununua Kampala, kwa kuwa Dar es Salaam ni mbali na Kampala ni safari ya siku moja. Nilikuwa nimesikia habari za utaratibu rahisi wa biashara ndogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, unajaza cheti kifupi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, unavuka bila ushuru. Nikafika Mutukula nikiwa na tabasamu. Ofisa, mtu mpole tu, akafungua boksi moja, akasoma, akaniuliza, “Mzee, hii imetengenezwa wapi?” Nikamjibu kwamba nimeinunua Kampala na risiti ninayo. Akaniambia kwamba sikuulizwa iliponunuliwa.

Ndilo kosa langu, na silisukumi kwa mwingine. Utaratibu ule ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Mahindi, maharage, ndizi, mikeka, hizo sawa. Bidhaa ya China haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu imelala usiku mmoja Kikuubo. Nikalipa kilichotakiwa, nikafika Bukoba tarehe 22, nikauza nusu kwa bei ya kununulia, na nusu iliyobaki ikakaa stoo kwa shemeji yangu mwaka mzima. Panya walipenda sana yale maboksi. Desemba iliyofuata nilikuwa na miti isiyo na maboksi, na mteja wa mti wa plastiki hununua boksi kwanza.

Hata hivyo, na hili lazima niliseme, ile nusu niliiuza hatimaye. Ingekuwa matawi mabichi ningekuwa nimeyatupa tarehe 26 asubuhi. Hapa ndipo plastiki inapolishinda tawi kwa mfanyabiashara: hasara yake haifi siku moja. Mwenye stoo kavu na mtaji ambao si wa karo anaweza kusubiri. Asiye navyo asiguse.

Sasa tuje kwenye huu tunaouita mti halisi. Neno lenyewe linanitatiza kidogo. Saipresi tunayoijua hapa asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ililetwa na wakoloni kwa ajili ya mbao na nyua. Misonobari ya mashamba yetu ni ya huko huko. Babu wa babu yangu hakuijua. Dar es Salaam na Zanzibar wao wana mkrismasi wao, ule mti mkubwa wa maua mekundu unaochanua Desemba bila kuvishwa taa na mtu. Nao asili yake ni Madagaska. Kwa hiyo tukigombania uhalisi tutabaki hatuna mti. Tuseme tu mti ulio hai na mti usio hai.

Mti ulio hai una swali lake ambalo mnunuzi wa Kisenyi haulizi: umekatwa wapi? Kisenyi hakuna ua wa saipresi. Hakuna hata nafasi ya kupanda mchicha, ardhi yote ni mabati, mifereji na foleni. Kila tawi linalouzwa hapa limetoka kwenye ua wa mtu, shule, kanisa au shamba la miti, na si kila mwenye ua ameambiwa. Kukata tawi la ubavuni hakuuui mti, na ua wa saipresi hupenda kupogolewa. Lakini wauzaji wanajua kwamba tawi la ubavuni lina umbo la kupinda, ilhali kilele ndicho chenye umbo la mti wa kwenye picha. Basi wanakata kilele. Mti uliokatwa kilele hugawanyika ukatoa vichwa viwili au vitatu, na shina lililogawanyika halitoi ubao ulionyooka. Mtu amengoja miaka kumi apate mbao za kuezekea nyumba, wewe umempunguzia kwa ajili ya wiki mbili sebuleni.

Na hapa ndipo ninapoona nafasi ambayo tunaipita kila siku bila kuiokota. Tangu mwaka 2004 mpango wa ruzuku uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya uliwasukuma Waganda wengi kupanda miti ya mbao, hasa misonobari. Mashamba yapo, ya watu binafsi na ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, Katugo kule Nakasongola, Mafuga kule kusini magharibi. Anayepanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu anaweka miche 1,111 katika hekta moja, wala hakusudii yote ikue mpaka mwisho. Baada ya miaka michache anapaswa kuipunguza, akakata ile dhaifu na iliyopinda ili iliyobaki inenepe. Ile iliyokatwa ni miembamba, wengi huona haina soko, huiacha ikauke chini au kuitoa kuni. Vilele vya miti hiyo ndiyo miti yetu ya Krismasi. Vimekatwa kihalali, mwenyewe yupo, na anaweza kukupa karatasi. Mkulima akipanga upunguzaji uangukie mwanzoni mwa Desemba, na mfanyabiashara akafika na lori lililokwishapeleka bidhaa huko na lingerudi tupu, hapo pana biashara ambayo fedha zake zinabaki Nakasongola na Rukungiri badala ya kwenda Zhejiang.

Lakini msikimbilie kuvusha. Mti hai ukifika mpakani ni mmea, na mmea unataka cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo. Wengine hulalamika kwamba ni usumbufu. Si usumbufu mtupu. Wapo wadudu wadogo wanaofyonza saipresi ambao waligunduliwa Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa wamekwisha kuingia Kenya, wakakausha nyua na mashamba mazima. Mdudu hana pasipoti, hupanda tawi. Vilele hivyo viuzwe Kampala, Entebbe, Jinja, Mbarara. Mfanyabiashara wa Busia awauzie wa Busia ya upande wake.

Kuhusu mazingira nitapita haraka, maana wapo wanaolijua jambo hili kuliko mimi. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti bandia wa mita mbili hubeba takriban kilo 40 za hewa ya ukaa tangu kutengenezwa hadi kutupwa, mti hai uliooza jalalani kilo 16, na mti hai uliochomwa kilo tatu na nusu. Maana yake wa plastiki lazima utumike zaidi ya Krismasi kumi ndipo ulingane na ule wa kuchomwa. Hizo ni hesabu za Uingereza, lakini kwetu Kisenyi tawi la saipresi halifiki jalalani hata kidogo. Tarehe 27 linawashia sigiri. Linachemsha chai. Mti wa plastiki wa bei rahisi, ambao miguu yake huvunjika mwaka wa pili, ndio unaokwenda jalalani, na sote tunakumbuka lilivyoporomoka jalala la Kiteezi tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia nyumba, watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Simlaumu mwenye mti wa plastiki kwa Kiteezi. Nasema tu kwamba kitu cha kudumu kisichodumu kina mahali kinapokwenda.

Jambo ambalo sitalipita haraka ni moto. Nyumba nyingi za Kisenyi ni chumba kimoja, pazia katikati, sigiri mlangoni, na umeme wa nyumba sita umetoka kwenye waya mmoja. Tawi la saipresi lililokaa wiki mbili bila maji ni kibiriti kilichosimama. Plastiki nayo ikishika haina mchezo, na moshi wake ni sumu. Zile taa za rangi za bei poa, zenye waya mwembamba kama uzi, ndizo hatari kuliko mti wowote. Soko la Owino, jirani yetu, liliteketea Februari 2009 na kuwaacha wachuuzi wengi mikono mitupu. Hapa hatuhitaji kufundishwa jinsi moto unavyokimbia kati ya vibanda. Kama chumba ni kimoja, mti usiwe na taa. Mti usio na taa bado ni mti. Watoto wataupamba kwa vifuniko vya chupa na karatasi za pipi, na hawatajua kwamba kuna kilichokosekana mpaka sisi wakubwa tuwaambie.

Wapo wazee watakaouliza kwa nini tunahangaika na mti wa Wazungu. Sina ugomvi nao. Wajerumani walioanzisha desturi hii ndio hao hao walioanza kutengeneza miti ya bandia kwa manyoya ya bata bukini katika karne ya 19, walipoona misitu yao inakwisha. Kwa hiyo hata bandia si uvumbuzi wa Kikuubo. Nami nimekaa na majirani Waislamu wa Kisenyi wanaouza na kununua Desemba nzima bila mti ndani, na pilau yao ya tarehe 25, iliyopikwa kwa sababu tu ni sikukuu ya serikali na watoto wako nyumbani, haipungukiwi na chochote.

Kwa hiyo nisimamie wapi? Kwa anayerudi kutoka kyeyo, nasema achukue kilele au tawi lenye mwenyewe, au afanye lililo bora zaidi: anunue mche ulio hai ndani ya mfuko kwenye vitalu vya kando ya barabara, uwe ndio mti wa mwaka huu, kisha aupande kijijini tarehe 26 wakati mvua haijakatika kabisa. Bei yake haifiki hata nauli ya boksi. Mwakani akipiga simu atauliza umefika wapi, na kule nyumbani watakuwa na jibu. Kuhusu wanaosema “umerudi na jani”, pesa iliyobaki itawajibu shule zitakapofunguliwa.

Kwa mfanyabiashara, nasema plastiki ni halali yake ikiwa anaagiza mapema, ana stoo isiyo na panya, na mtaji haujakopwa kwa riba ya mwezi. Anayenunua jumla tarehe 15 Desemba kwa mkopo ili avushe tarehe 18 anacheza kamari. Na kabla hajavuka, asome chini ya boksi, pale penye maandishi madogo.

Kijana wa mwaka jana sijamwona tena, wala sijui mti wake ulifika salama. Nakumbuka tu kwamba alichelewa kufika kituoni, na boksi linalofika mwisho Kisenyi huwekwa juu kabisa, karibu na kuku.